Sare Bila Mfuko

Nyumbani Muheza mama alijua nafanya kazi hotelini. Sikumdanganya, ila sikumfafanulia. Kwetu hoteli ni neno pana. Mwenye mabenchi mawili na sufuria la pilau ana hoteli, na lile jengo la watalii lenye bwawa la kuogelea nalo ni hoteli. Mimi nilikuwa baa, Sinza, Dar es Salaam, mwaka 2013, na sare yangu ilikuwa blauzi nyeupe na sketi nyeusi iliyokomea juu sana ya magoti. Kila nilipopanda basi kwenda kumsalimia mama, ile sketi niliiacha chini ya godoro chumbani, kana kwamba ingeweza kunifuata.

Meneja alinikabidhi sketi kabla hata hajanionyesha kaunta. Nikamuuliza kama hakuna ndefu kidogo. Akacheka. "Dada, macho hayana pazia. Mteja akifurahi, wewe ndiye unayefaidi." Mshahara wenyewe ulikuwa shilingi 130,000 kwa mwezi, na humo humo walikata glasi zilizovunjika na bili za wateja walioingia mitini. Kwa hiyo alikuwa ananieleza, kwa lugha ya utani, hela ya kodi yangu itatoka wapi.

Bakshishi ni neno la kwenye kamusi. Miaka yote niliyobeba trei sijamsikia mteja akilitamka. Wanasema tipu, au "ya soda," au "ya maji." Neno "chai" tulilikwepa kwa sababu lilikwisha kuharibiwa na rushwa za barabarani. Na mara nyingi zaidi mteja hasemi kitu, anaisukuma tu chenji kwa kidole: "Baki nayo."

Chenji ndiyo iliyokuwa shule yangu. Bili ikiwa 18,500 na mteja akatoa noti mbili za elfu kumi, ile 1,500 inayorudi ndiyo shamba lako. Ukiirudisha kwa noti ya elfu moja na mia tano, ana uamuzi rahisi: anabeba elfu, anaacha mia tano, na nyote mmeridhika. Bili ikiwa 15,000, ukamrudishia noti moja ya elfu tano, umejikosesha mwenyewe, kwa sababu hakuna anayeacha elfu tano nzima, na kumwomba mhudumu aivunje ni kazi ya aibu. Wageni wa kazi walijifunza hili kwa kulia. Kulikuwa pia na ule mchezo wa kusema "hamna chenji, bosi," ukajichelewesha kaunta mpaka mtu akachoka na kuondoka. Niliucheza mara kadhaa na sijivunii. Wateja wa namna hiyo hawarudi kwenye meza zako, na Sinza ina baa nyingi.

Sarafu ya mia tano ilipotoka mwaka 2014 mambo yalibadilika kwa namna ambayo sidhani kama Benki Kuu iliifikiria. Noti ya mia tano, hata iwe imechakaa vipi, hutua kimya. Sarafu hulia kwenye trei, na meza ya jirani inasikia. Mwanamume aliyekuwa akiacha mia tano bila wasiwasi alianza kuona haya mbele ya wenzake. Wengine wakapanda hadi elfu, wengine wakaacha kabisa kutoa.

Lakini sketi haikuwa kwa ajili ya chenji. Sketi ilikuwa kwa ajili ya bia.

Asiyewahi kufanya kazi baa huenda hajui. Mteja anasema, "Lete mbili za baridi, na wewe chukua yako." Mhudumu mwenye akili hanywi. Anakwenda kaunta, anamnong'oneza wa kaunta, "Niwekee." Bia inaandikwa kwenye bili ya mteja lakini haitoki kwenye friji. Usiku tukifunga hesabu napewa 1,500 kwa bia ya 2,000. Mia tano inabaki baa, bila chupa kufunguliwa, bila kreti kunyanyuliwa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuona kwamba sketi ile, niliyoambiwa ni kwa faida yangu, ilikuwa inamwingizia mwenye baa kila nilipochekewa.

Na mteja wa "chukua yako" hutaka kuona amenunua nini. "Njoo unywee hapa, nikuone." Ukikaa, meza zako nyingine zinaita. Ukikataa, unaambiwa unaringa. Ukifungua na kunywa, hela imekwenda na kichwa kinauma saa nane za usiku ukitafuta bodaboda. Wengine wananunua moja na kuhesabu wamenunua ahadi. Nilishikwa mkono, nilishikwa kiuno, na siku moja nilimmwagia mtu bakuli zima la supu. Nikakatwa mshahara wa siku tatu na hela ya bakuli.

Kisha ikaja promosheni. Kampuni ya bia ilileta viti vipya, miavuli, na fulana zenye nembo yake, na kwa miezi miwili tukavaa fulana na jinzi. Wakati huo nilikuwa na daftari dogo la hesabu zangu, kwa sababu nilikuwa nacheza mchezo wa kuchangiana fedha na wenzangu wanne na sikutaka kuchelewesha mchango wangu. Hivyo nina uhakika na ninachosema. Bia za "chukua yako" zilipungua karibu nusu. Chenji za mezani hazikupungua hata kidogo. Na kulikuwa na mstari mpya ambao mwanzoni sikujua niuite nini, mpaka nikauandika "wake za watu."

Jumapili mchana watu huja na familia kula nyama choma na ndizi. Wakati wa sketi, baba akisukuma chenji, mama anairudisha kwenye pochi kwa vidole viwili bila kunitazama. "Hii ya watoto." Sikuwalaumu. Nilipowaletea maji ya kunawa nikiwa na fulana na jinzi, wanawake wale wale wakaanza kuniuliza natoka wapi, kama nina mtoto, na wao wenyewe ndio waliosema baki nayo. Mmoja alinifungia nusu kilo ya nyama iliyobaki nikale na wenzangu. Sketi ilikuwa inanifungulia mlango mmoja huku inafunga mwingine, na ule uliofungwa ndio uliokuwa na watu wasionipigia simu usiku.

Nilimweleza meneja. Nikamwonyesha na daftari. Akalitazama kwa upole, akasema, "Hizi zako. Za baa ziko wapi?" Promosheni ilipokwisha tukarudi kwenye sketi.

Kufikia mwaka 2016 vyuma vilikuwa vimekaza. Wale wa suti wa kutoka ofisini waliokuwa wakija tarehe za mshahara na kuagiza mbuzi mzima walianza kuja wawili kwa chupa moja moja, au hawakuja. Rafiki yangu aliyetangulia Zanzibar akanipigia: huku kuna wazungu, na nguo ni ndefu. Mwanzoni mwa 2017 nikapanda boti.

Mgahawa ulikuwa Mji Mkongwe, juu kabisa ya nyumba ya zamani, mahali ambapo watalii hupanda kutazama jua likizama. Hawakuuza pombe. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake gauni jeusi refu, ushungi, na kanga iliyofungwa kiunoni. Nilimpigia mama siku hiyo hiyo nikamweleza sare yangu yote mpaka rangi. Alifurahi mno. Nikanyamaza kuhusu ngazi.

Ngazi za nyumba zile ni nyembamba na zimesimama wima, na jiko lilikuwa chini. Jaribu kupanda orofa tatu na sinia la pweza wa nazi huku umevaa kanzu inayogusa vifundo. Kaka mmoja aliikanyaga kanzu yake mwenyewe mbele ya kundi la Wataliano, mchuzi ukashuka ngazi kama maji ya mvua. Alikatwa mshahara. Sare ile ilichaguliwa na mtu aliyekuwa akikaa juu akiwatazama wahudumu wakitokea, si wakipanda.

Kanga zetu zilinunuliwa Darajani, doti kadhaa kwa mpigo, kwa kufuata rangi: nyekundu na manjano, zinang'aa kwenye picha. Meneja alikuwa mtu wa bara kama mimi, na hakusoma jina. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na mtu wa pwani huanza na jina. Lilisema: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Sisi wahudumu tuliliona tulipokuwa tunakunja, tukacheka mpaka tukakaa chini. Kila jioni wanawake watano tulipita kati ya meza za watalii, tumeandikwa matakoni kwamba ingawa hatupati, hatukati tamaa ya kupata. Watalii waliuliza maana yake, na kila mmoja wetu alikuwa na tafsiri yake. Mimi nilisema "karibuni wageni." Mwenzangu alisema "upendo hauna mwisho," na nadhani yeye ndiye aliyepata zaidi.

Walipenda sana kanga. Waliomba picha, nikageuka hivi, nikasimama na mlango wa kuchongwa nyuma yangu, na dola moja ikafuata. Jioni moja nilimwagikiwa mchuzi nikavua kanga, nikahudumu na gauni jeusi tupu. Meza zile zile, pweza yule yule, Kiingereza changu kile kile cha kuungaunga. Niliondoka na robo ya nilichopata siku nyingine. Nilijua basi kwamba ile hela ilikuwa ya kanga, mimi nilikuwa mti wa kuitundikia. Iliniuma kidogo. Kesho yake niliivaa mapema na kuipiga pasi.

Na dola nazo zina vituko vyake. Wakati ule dola ilikuwa zaidi ya shilingi 2,200, lakini ukipeleka noti ya dola moja kwenye duka la kubadilishia fedha, unapewa bei ya chini kuliko mwenye noti ya mia. Ikiwa imechapwa kabla ya 2006, wengi hawaitaki kabisa, na mtalii hajui kwamba amekuachia karatasi. Mbaya zaidi ni sarafu za euro. Wataliano walikuwa wakarimu wa sarafu, na hakuna duka linalozibadilisha. Tulizikusanya kwenye kopo, zikifika kumi tunamsubiri Mtaliano mwenye uso mwema, tunamwomba atupe noti ya kumi achukue sarafu zake akatumie kwao. Wengi walikubali. Mmoja alidhani tunamtapeli akamwita meneja.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya bibi mmoja aliyekuja na wajukuu zake, watu wa Unguja waliohamia Muscat, amevaa buibui la bei, anaongea Kiswahili kitamu cha mjini. Nilipogeuka kufuata maji nikamsikia anacheka kimya kimya. Akaniita.

"Mwanangu, nguo hii umechagua au umechaguliwa?"

"Tumepewa, bibi."

"Basi aliyewapa ama hajui kusoma, ama anajua sana."

Nilitamani kujificha. Wakati wa kuondoka alinipa mkono, na ndani ya kiganja chake mlikuwa na noti ya elfu kumi iliyokunjwa ndogo kama hirizi. "Ya sabuni," akasema. Hakuiweka mezani. Wajukuu wake hawakuona, meneja hakuona, na mimi sikulazimika kuinama kuokota chochote. Nimepewa fedha nyingi zaidi ya hiyo na watu wengi, sijapewa vizuri zaidi.

Noti ile ilipaswa kuingia kwenye boksi. Tipu zote ziliingia kwenye boksi la mbao lenye kufuli, na Jumapili linafunguliwa na kugawanywa kwa vyeo, meneja naye akiwemo. Ili tusifiche, magauni yetu yalishonwa bila mfuko hata mmoja. Fundi aliambiwa waziwazi. Aliyetoa amri hiyo alisahau kwamba amewavisha wanawake kanga. Bibi yangu Muheza hakuwahi kuwa na pochi maisha yake yote. Hela yake alifunga fundo kwenye pindo la kanga, akaichomeka kiunoni. Nami nikafunga fundo.

Nililifunga mara nyingi, mpaka mpishi, mzee wa Kipemba asiyependa maneno mengi, aliponiona nikifungua fundo langu nyuma ya jiko. Akaendelea kukuna nazi. Kisha akasema, "Pweza nimempiga mimi alfajiri mpaka akalainika. Wewe umempandisha ngazi tu." Sikuwa na jibu. Kuanzia hapo chochote nilichofunga nilimpelekea fungu lake mkononi, na boksi likapata kilichobaki. Meneja sikumpelekea.

Binamu yangu yuko Houston, naye anahudumu mgahawani. Nilidhani ananitania aliponiambia mwajiri wake anamlipa dola 2.13 kwa saa. Ndicho kiwango cha chini cha serikali ya shirikisho ya Marekani kwa wafanyakazi wa tipu, na hakijapanda tangu mwaka 1991. Texas wanakifuata hicho hicho. Kinachobaki kinatakiwa kitoke kwa mteja, na mteja wa huko anajua: asilimia 15 hadi 20 ya bili, bila kuombwa. Sare yake ni shati jeusi, suruali nyeusi na viatu visivyoteleza, vyote kavinunua mwenyewe. Alinisaidia kuelewa wale Wamarekani waliokuwa wakinitazama kwa wasiwasi wakiuliza mara mbili kama huduma imeshahesabiwa. Walikuwa wanadhani nitalala njaa wasipotoa. Mwingereza huacha kidogo na kushukuru sana, na Mjapani mmoja alinikimbilia ngazini kunirudishia shilingi elfu mbili alizodhani nimemzidishia kwenye chenji. Nilipata shida kumweleza kwamba alikuwa sahihi.

Machi 2020 wageni walikatika. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na ingawa Mei anga lilifunguliwa tena, mgahawa wetu haukufungua. Nikarudi bara na kanga yangu.

Sasa nina mgahawa wangu Tanga mjini, si mbali na stendi. Chai na chapati asubuhi, wali samaki mchana, na wahudumu watatu, mabinti wawili na kijana mmoja. Wateja wengi siku hizi wanalipa kwa lipa namba, na lipa namba imeua chenji. Mtu akidaiwa 6,500 anatuma 6,500. Hakuna mia tano ya kusukuma kwa kidole, na vijana wangu hawana lile shamba nililolima mimi. Kuna wanaosema, "Dada, nipe namba yako nikurushie ya soda." Nimewakataza mabinti. Namba ikitoka inatoka na jina zima ulilosajilia laini, na ile "ya soda" ya 2,000 inakuja na simu za saa sita usiku. Badala yake nimebandika namba ya tipu ya pamoja kaunta, imesajiliwa kwa jina langu. Wanaopiga usiku wananipata mimi.

Sare ilituchukua mwezi kukubaliana. Mabinti walitaka dera, nikawaonyesha moto wa jiko. Kijana alikuja Jumamosi na jezi ya Yanga, siku ya mechi na Simba. Yanga wakafungwa, meza nzima ya Wanasimba ikamzomea na kumwachia tipu nono ya dhihaka. Wangeshinda, nadhani asingeona hata mia. Nikapiga marufuku jezi zote mbili. Akauliza, "Na Coastal Union?" Hapa Tanga siwezi kuwa mwendawazimu. Coastal ruksa, Jumamosi tu.

Kwa siku nyingine tukaafikiana suruali nyeusi, shati la kitenge lenye mikono mifupi, na kwa anayejifunika, ushungi wa rangi anayotaka. Nilikwenda nao kwa fundi, mtaa wa pili, akapima mmoja mmoja. Akauliza mifuko.

"Miwili mbele, mmoja kifuani," nikasema.

"Kwa mhudumu? Wengi huniambia nisiweke."

"Najua."

Akasema kila mfuko ni mia tano zaidi. Mashati sita, mifuko kumi na nane. Tulibishana pale kwa robo saa, mabinti wakiniangalia kwa aibu, mpaka akakubali kutonidai ile ya kifuani.